Kurut ya Mama

Mji wetu haukuwa kwenye ramani ya Kirgizia. Barua zilifika kwa namba ya sanduku tu, bila jina la mji, lakini madukani tulikuwa na soseji za Moscow na maziwa ya kopo, vitu ambavyo hata watu wa mji mkubwa wa Osh waliviona ndotoni tu. Nikiukumbuka mji ule mate yananitoka, na machozi pia.

Mama yangu, Salkin, alikuwa mpima mawe katika maabara ya mgodi. Siku ya kwanza alitia saini karatasi ya kutunza siri, na mkubwa mmoja akawaambia wafanyakazi wapya, "Bila mawe haya nchi iko uchi mbele ya adui." Jina la madini likawa mwiko. Wanawake wa maabara wakayaita kurut, jina la vidonge vya maziwa makavu tunavyotafuna njiani.

Baba, dereva wa lori la mkate, alikereka.

"Leo mmefanya nini huko?"

"Tumepima kurut."

"Miaka kumi na tano unapima kurut, mimi sijaonja hata moja! Au una mwanamume huko unayemlisha?"

Mama alicheka, akamwongezea chai. Baba alikufa bila kuambiwa.

Kisha nchi ile kubwa ya Moscow ikavunjika, mgodi ukafungwa, soseji zikaadimika. Mapafu ya Mama yakaanza kukoroma. Nikampeleka ofisi ya wilaya, maana waliofanya kazi mgodini walikuwa na haki ya kutibiwa bure, mradi wataje madini waliyoshika.

"Mama, taja tu ulishika madini gani," alisema karani.

"Kurut."

"Mama yangu, usinitanie. Nchi uliyoiapia imeshakufa!"

"Imekufa yenyewe. Aliyetia saini bado yupo."

Nilimsihi, nikamfokea mbele za watu, na hadi leo naona aibu. Hakutaja. Karani alichoka, akaandika: mfanyakazi wa kiwanda cha maziwa. Watu wa maziwa hawatibiwi mapafu bure.

Wakati wa kurudi, Mama aliomba tupitie makaburini. Alikaa chini taratibu kando ya Baba, akahema mpaka pumzi ikamrudia. Hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Kwetu mke hafanyi hivyo; alimwita kwa jina langu mimi.

"Baba Begaim," alisema, "ilikuwa urani. Urani tu. Hapakuwa na mwanamume."