Siku Babu Aliposhindana na Video

Guku, yaani babu yangu mzaa baba, alikuwa ningi. Kwetu Usukumani ningi ndiye anayetunga nyimbo na kuongoza kundi la ngoma, na hapimwi kwa uzuri wa sauti. Anapimwa kwa watu. Baada ya mavuno makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wako huru kuhama. Jua likikaribia kuzama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Babu alikuwa ameshinda miaka mingi pale Mwamapalala na, sitasema uongo, alikuwa na maringo.

Kisha biashara ikafunguliwa. Pamba iliyokuwa ya ushirika peke yake ikaanza kugombewa na wanunuzi binafsi, na mmoja wao, mjanja kuliko wenzake, akaleta jenereta, televisheni na deki ya video. Watoto tuliingia bure. Alijua tutawavuta baba zetu pamoja na pamba zao. Kila Jumamosi alasiri alituwekea kanda kutoka Mwanza, na humo ndimo tulimokutana na yule binti.

Ilikuwa tamthilia ya watoto, lakini si katuni. Walikuwa watu kabisa, Wazungu, na lugha yao hatukuijua. Hadithi tuliisoma usoni mwao. Mdogo wake binti alikuwa amechukuliwa na kivuli, naye akawa anaingia mtoni kumtafuta katika nchi iliyo chini ya maji, kisha anatoka peke yake, hajalowa hata unywele. Kila kanda iliishia mahali pabaya. Nilikuwa na miaka kumi, na wiki nzima nilimhofia mtoto wa watu hata ndama wakaniponyoka wakaingia shambani kwa jirani. Nilichapwa. Sikujali.

Mwaka huo kundi pinzani halikuja, maana vijana wake walikuwa wamekwenda mjini Bariadi kupakia marobota ya pamba. Babu akatazama banda la video lilivyojaa, akasema wapinzani wamepatikana. Hakuwa anatania. Alimwendea yule mnunuzi kwa adabu zote, kama anavyoendewa kiongozi wa ngoma, wakapatana: Jumamosi saa tisa, ngoma nje, video ndani. Mnunuzi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema siku hiyo ndiyo ataweka kanda ya mwisho.

Babu hakuniomba niwe upande wake. Mtazamaji haombwi, ukishamwomba, umeshashindwa. Jumamosi ilipofika nilimsaidia kufunga njuga miguuni, ngoma zikaanza, nikasimama mbele kabisa nikipiga makofi. Jenereta liliponguruma nilijiambia naenda kuchungulia tu, halafu nirudi.

Ndani tulibanana hadi mlangoni, na mnunuzi alikuwa ameongeza sauti mpaka mwisho. Kwenye ufa wa ukuta nilimwona babu akiwa na wachezaji wake wachache, na watazamaji wake ni wanawake watatu na mbwa. Nilijua nikitoka mimi, wenzangu nao watanifuata, ndivyo watoto walivyo. Niliona aibu, kweli niliona. Lakini binti akaingia mtoni kwa mara ya mwisho, nami nikasahau kama nina babu. Alitoka amembeba mdogo wake mgongoni, na safari hii wote wawili walikuwa wanachuruzika maji. Tulilia, sisi watoto wa wachunga ng'ombe, tukiwalilia watoto wa Kizungu.

Tulipotoka, jua lilikuwa limezama na babu anafungua njuga. Nilimbebea ngoma yake ndogo tukashika njia ya nyumbani, nikingoja kugombezwa. Badala yake aliniuliza kama mtoto amepatikana. Nikamsimulia yote. Alitaka kujua binti alitumia dawa gani na nani alimpa, na niliposema wametoka wamelowa, alisimama akafikiri, akasema basi hapo wamerudi kweli. Tukaendelea kutembea.

"Ulinisikia, mwizukulu?" akauliza. "Pale katikati ya wimbo, nilipokutaja."

Nyimbo zake zilitaja watemi, wapinzani na mafahali. Hakuwahi kumtaja mjukuu.

"Nilisikia, guku."

"Ukaonaje?"

"Pazuri sana."

Alicheka kidogo kwa furaha, akanishika mkono, na hakuuachia mpaka tukafika nyumbani. Nilimpenda mno jioni ile, na kwa sababu hiyo sikuweza kusema kweli.

Kwake wimbo ulioshindwa haurudiwi, na hakuurudia. Ningeweza kuwauliza wachezaji wake, lakini wangemwambia kwamba sikusikia. Sasa wamekwisha wote, naye alitangulia. Hadi leo ninaweza kukusimulia, hatua kwa hatua, jinsi yule binti alivyomtoa mdogo wake mtoni. Sijui babu alisema nini juu yangu.