Kimya cha Kalunde

Harufu ya ardhi ya porini baada ya mvua za kwanza hunirudisha utotoni kule Ntalikwa, hata nikiwa nimesimama sokoni Tabora na kapu langu. Tulikuwa wasichana wadogo wa shule ya masista, na kila mvua zilipoanza Sista Benigna alitupeleka matembezi kwa ile njia ya zamani ya misafara. Babu zetu waliipita na mizigo kichwani, wakiimba. Sisi, jamani, tuliipita kimya! Sista alitaka tumtafakari Mungu, hivyo ilikuwa marufuku kusema neno mpaka yeye mwenyewe apige makofi. Kwangu mimi msemaji ilikuwa adhabu, lakini Kalunde, binti wa mama yangu mkubwa, aliishika amri ile kwa moyo wote. Mwaka mmoja, asubuhi ya matembezi, mama mkubwa alinishika mkono akaniambia, "Sina mwingine ila huyu. Urudi naye."

Tulipofika kijitoni, Kalunde hakuwepo. Sista alikunja kanzu yake mpaka magotini akaanza kuita, "Kalunde! Kalunde wee!" Nasi tukaita, wengine wakilia. Hakujibu mtu. Nikamwona kwa mawazo mama mkubwa akitusubiri mlangoni. Ndipo nikakumbuka kwamba njiani tulipigiwa kelele na ndege wa asali, yule anayewaongoza watu mpaka kwenye nyuki. Kwetu Wanyamwezi ndege huyo akikuita unamfuata, humpiti hivihivi. Kumbe Kalunde alikuwa ameitwa, na kwa kuwa tumekatazwa kusema, akaondoka bila kuaga!

"Sista, nyamaza!" nilisema. Wenzangu walishika midomo.

"Umesemaje?"

"Nisamehe, Sista. Tukinyamaza tutamsikia ndege wa asali. Kalunde yuko naye."

Akanyamaza. Tukanyamaza wote, na mbali upande wa kushoto ndege akasikika akipiga kelele zake. Tulimfuata mbio, miiba ikitunasa sketi.

Kalunde alikuwa amesimama chini ya mninga, mzima kabisa, akituonyesha kwa kidole tundu la nyuki. Sista alimkumbatia, akamtikisa, akamkumbatia tena. "Mtoto wewe, hukutusikia?" Akaitikia kwa kichwa kwamba alisikia. "Mbona hukuitika?" Kimya. Alikuwa anaitazama mikono ya Sista. Sista akaelewa, akapiga makofi huku machozi yakimtiririka, naye Kalunde akasema kwa adabu zote, "Tumsifu Yesu Kristu, Sista. Ulikuwa hujapiga makofi." Tulicheka mpaka tukakaa chini, na mimi nilicheka huku nalia.

Siku hizi watoto wanapelekwa matembezi kwa basi, kila mwalimu na simu yake mkononi, na sijui kama kuna anayemsikia ndege. Kalunde ana wajukuu sasa, anakaa Cheyo. Kila asubuhi nampigia simu, naye anaongea weee, habari za kuku, za majirani, za goti lake, mpaka chai yangu inapoa. Binti yangu hunionea huruma. "Mama, si umkatize tu?" Nimkatize mimi? Thubutu! Muda wote anaoongea, najua yuko wapi.