Bwawa Langu, Ukuta wa Mama Salome

Siku ile, mwanangu, nawataja wote waliokuwapo, asije mmoja wao akakwambia hakuwapo: Shangazi Mwanaidi, aliyetoka Lindi, Mama Salome, jirani yetu wa nyuma, Mzee Bakari, fundi mwashi aliyepanga chumba kwetu, wadogo zangu wawili, Zuhura na Idi, watoto wa mtaa wasiohesabika, na mimi Rehema, mwenye bwawa.

Naam, bwawa. Hapa hapa Mchafukoge. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikauza ndoo na mabeseni Kariakoo ili wadogo zangu wasigawanywe kwa ndugu. Masika yakaingia, Idi akalilia kwenda kuogelea. Muda wa kumpeleka sikuwa nao. Nikaziba mfereji wa uani kwa viroba vya mchanga, maji ya mvua kutoka batini yakajaa hadi kiunoni, yakauegemea ukuta wa Mama Salome. Mtaa mzima ukaliita "bwawa letu".

Mzee Bakari akalitazama, akaguna. "Rehema, ukuta ule ulijengwa kuzuia macho. Haukujengwa kuzuia maji."

"Mzee wangu, bwawa ni langu, na uani ni kwetu."

"Na ukuta?"

Nikaenda kuongeza kiroba kingine. Ujana una uziwi wake.

Shangazi akaja kutazama ninavyowalea wadogo zangu. Asiporidhika, anawachukua wote wawili, wanakwenda Lindi. Nami, badala ya kumwonyesha madaftari yao, nikamwonyesha bwawa! Nikamwekea kigoda ukingoni, na chai mkononi. Idi akajirusha majini kwa mbwembwe ili Shangazi amwone.

Ukuta ukaporomoka. Maji yakamchukua Idi, yakamchukua na Shangazi na kikombe chake, yakawafikisha jikoni kwa Mama Salome, aliyekuwa anachoma maandazi. Mama yule akaruka mbele ya karai, akamdaka Idi kwa ukosi wa shati, mafuta ya moto yakamrukia yeye mkononi.

Shangazi akainuka, kikombe bado anacho.

"Bwawa hili la nani?"

Watoto walioogelea humo wiki nzima wakatazama mawingu. Zuhura akamshika Idi kwa nguvu. Nilijua jibu langu litawapeleka wapi.

"Langu, Shangazi. Na nilionywa."

Akakamua khanga yake taratibu. "Katika ukoo wetu, kitu kikiharibika huwa hakina mwenyewe. Leo nimempata mmoja. Watoto watabaki. Bwawa halibaki."

Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba, na ukuta nikajenga. Siku nne nampokeza Mzee Bakari matofali, na kila tofali ananiuliza, "Hili nalo la kuzuia nini?"

Mwanangu, kabla hujatega maji, jua yatatokea wapi, na yakitoka yatamkuta nani. Usimwache mtoto majini bila jicho la mtu mzima. Kiuno chako ni pua yake. Na ukisema "changu" wakati wa raha, usiulize ni cha nani wakati wa hasara. Mungu akupe neema ya mvua, na majirani wa kukuvumilia.

Mama Salome yu hai, kazeeka. Ukuta nilimrudishia. Lakini kila nikienda kumwamkia, mkono ule wenye kovu anauingiza ndani ya khanga nisiuone. Huo bado nadaiwa.