Vichupa vya Mzee Orimoto

Hatsue Orimoto alikuwa amechoshwa na mumewe. Miaka minne mfululizo, kila mwezi wa tano, bahasha mbili za kupimia saratani ya utumbo zilifika nyumbani kwao, moja yake na moja ya Tamotsu. Miaka minne ya Tamotsu iliishia kwenye droo, chini ya betri zilizokufa. Na huyu ni mtu ambaye kaka yake mkubwa, Isamu, alikufa kwa ugonjwa huohuo. Ungedhani angeshtuka. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwaka huu Hatsue aliapa. Kazi yenyewe ni ndogo: unatandika karatasi chooni, unachokoa kinyesi chako kwa kijiti, unakitumbukiza kwenye kichupa, siku ya pili unarudia na kichupa cha pili. Vinakaa kwenye friji, na Alhamisi saa tatu asubuhi vinapelekwa ukumbi wa mtaa. Yeye alimaliza vyake Jumapili na Jumatatu, akaandika tarehe, akavifungia kwenye mfuko na kuvisukuma nyuma ya bakuli la figili za chumvi.

Jumanne Tamotsu alitoka chooni akilaani. Choo chao kipya, zawadi ya binti yao Chizuru aliyeko Osaka, kilikuwa na ujuaji mwingi. Ukikisogelea kinafunua mfuniko, ukiinuka kinajimwagia maji.

"Nimeinuka kuchukua kijiti tu, shwaa! Kimemeza kila kitu, na karatasi yake."

"Si nilikwambia uzime swichi ya ukutani kwanza?"

"Miaka arobaini nimeshona mikeka ya tatami, Mama Chizuru. Nani alinifundisha kuongea na choo?"

"Swichi moja, Baba Chizuru. Moja!"

Jumatano hakikutoka kitu. Hatsue alimlisha viazi vitamu, maharage yaliyochachuka, mwani, na plamu tano zilizokaushwa. Tamotsu alikula vyote, akasifu upishi, akaenda kukaa chooni nusu saa na gazeti. Alitoka akiwa anajua habari zote za besiboli.

"Utumbo una haya," alisema. "Unajua unatazamwa."

Alhamisi alfajiri alikuwa ameshatoroka kwenda kumsaidia rafiki yake kupandikiza mpunga, na vichupa vyake viko mezani, vikavu.

Hatsue alivitazama hasira zikimpanda hadi masikioni. Haikuwa saratani peke yake. Mama wa afya wa mtaa wao alikuwa Bi Nogawa, jirani wa nyumba ya tatu, na kila mwaka alibandika ukumbini orodha ya nyumba kumi na mbili za kichochoro chao. Nyumba ambayo wote wamepima iliwekewa duara jekundu. Mwaka jana nyumba moja tu ilibaki na duara nusu. Bi Nogawa aliinama mbele ya afisa wa mji akaomba radhi kwa niaba ya akina Orimoto, Hatsue akiwa amesimama palepale na mwavuli wake. Kuombewa radhi na jirani kunauma kuliko kutukanwa. Kwa wiki nzima baadaye alikuwa akienda dukani kwa njia ya nyuma.

Basi akaingia chooni, akazima swichi, akatandika karatasi, akajaza vichupa vyote viwili vya mumewe kwa choo chake mwenyewe. Kimoja alikiandika Jumatano, cha pili Alhamisi. Saa tatu kamili alikuwa ukumbini.

"Na mzee safari hii!" Bi Nogawa alifurahi mpaka akapiga makofi. "Hongera, Bi Orimoto. Umemwezaje?"

"Kwa viazi," alisema Hatsue, na duara likatiwa.

Wiki tatu zikapita. Barua zilikuja pamoja. Ya Hatsue ilikuwa nyembamba: hakuna damu. Ya Tamotsu ilikuwa nene. Aliisoma kwa sauti, akaisoma tena, kisha akaangua kicheko mpaka miwani ikamshuka.

"Damu imeonekana! Eti nikachunguzwe hospitali upesi! Mama Chizuru, mimi sikuwapa hata punje! Wamepima nini hawa, supu? Miaka yote nakwambia ni upuuzi, hunisikii!"

Hatsue alibaki ameshika bakuli la chai. Akahesabu siku kichwani. Jumapili na Jumatatu, safi. Alhamisi, damu. Ile damu ilikuwa yake.

Tamotsu alikuwa ameshabonyeza namba. "Namwambia Bi Nogawa afute jina langu. Na awaambie wakubwa zake wajifunze kazi."

Afute. Hatsue aliliona lile neno likimfungulia mlango. Angenyamaza tu, makosa yangekuwa ya ofisi, duara lingebaki, na yeye angekaa na barua yake safi. Hakuna ambaye angejua. Miaka minne alimsema mumewe kwa kujificha, na sasa kumbe na yeye alijua kujificha, tena kwa ustadi zaidi. Alijichukia. Alimchukia na mumewe vilevile, maana kama mzee huyu angekubali kupima kama watu wengine, damu ile isingeonekana kamwe. Hata kumshukuru kulimuudhi.

"Haloo, Bi Nogawa? Orimoto hapa. Sikiliza, ofisi yenu imenichekesha leo..."

Hatsue alimnyang'anya simu.

"Bi Nogawa, ni mimi. Vile vichupa vya mume wangu, nilitia choo changu. Damu ni yangu."

Mbali huko televisheni ya Bi Nogawa ilikuwa ikitangaza hali ya hewa.

"Vyote viwili?"

"Vyote. Niliona aibu ya orodha. Nisamehe."

"Orodha!" Sauti ya Bi Nogawa ilipasuka. "Orodha ni karatasi, Hatsue! Kesho asubuhi nakuja, tunakwenda wote hospitali. Na mzee mwenyewe je?"

"Hajapima. Hajawahi."

Tamotsu alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, barua mkononi, kicheko kimemkauka. Alionekana mzee ghafla.

"Unaumwa?" aliuliza.

"Sijui."

"Mama Chizuru, kesho nitakwenda nawe. Nitakubebea mkoba, nitakusubiri mlangoni, nitafanya lolote..."

"Sitaki unibebee mkoba!" Hatsue alipiga kelele, simu ingali wazi, Bi Nogawa anasikia kila neno. "Nataka upime! Nani atanisindikiza mimi ukifa wewe kwanza?"

Kisha akalia, kwa sauti, bila kujali kichochoro kizima.