Turubai la Tawi

Ilikuwa mwaka elfu mbili na ishirini. Hapana, ishirini na moja. Tawi letu la chama, Magomeni ya Mtwara, liligawanyika kwa vita vya ng'ambo ya Ruvuma, kule Msumbiji: wengine walitaka tuviunge mkono, wengine walikataa. Deolinda, jirani yetu mzaliwa wa kule, ndiye aliyetupikia kwenye misiba yote. Kaka yake Americo, askari wa kule, akauawa katika vita hivyo. Deolinda akaomba turubai la tawi kwa ajili ya matanga.

"Tukilitoa, tumeunga mkono vita," akasema katibu Jaime.

"Pilau yake mbona huikatai, bwana?" akadakia Faustino, mwanachama mwenzetu.

Wakabishana siku tatu. Waombolezaji walikaa juani, nami pia. Deolinda alipika, akarudisha sufuria za tawi, zile anazotupikia misibani, zimesuguliwa. Kikaoni nikawauliza: siku akifa yeye mwenyewe, turubai tutalitoa?