Dakika Mbili Nilizozibakiza

Mimi niliishia darasa la nne, na waliotoka chuo kikuu huja dukani kwangu hapa Msambweni kuniomba kazi. Nilianza kwa toroli la mchanga. Leo ukiona nyumba nzuri Diani, uliza matofali yametoka kwa nani. Nasema haya ujue kwamba simu haikunishinda. Fundi wa Ukunda alinionyesha mara moja tu: unaiweka anwani ya mlisho wa mtandaoni, basi, kila kipya kinachotolewa kinakujia chenyewe. Bei ya saruji, mpira, mawaidha, podikasti. Mimi sikimbilii habari. Habari hunipigia hodi.

Lakini nisiseme uongo, mlisho niliuweka kwa ajili ya mmoja. Binti yangu mkubwa anatoa podikasti yake huko Nairobi, ya maisha ya wanawake wa pwani. Hatujasemezana mwaka wa tatu huu. Nilimtaka akae dukani, yeye akataka uandishi wa habari. Nikamwambia maneno hayajengi nyumba, na akitoka asirudi. Akatoka. Kwetu mdogo ndiye aanzaye salamu, kwa hiyo nikakaa kuingoja shikamoo yake.

Na kila Ijumaa nilikuwa nikiipata. Hufungua kipindi kwa kuwaamkia wasikilizaji, "Shikamooni wakubwa zangu," nami katikati ya mifuko ya saruji huitika marahaba. Wateja walinicheka. Mke wangu alinitania kwamba naitikia simu na mwenye sauti hasikii. Nikamwambia mwenye sauti namba yangu anayo.

Katika kipindi cha mwisho alikuwa Mkwiro, kwa akina mama wanaolima mwani. Nilisikia maji yakiwachapa miguu, na kicheko chake kilekile. Kisha nikaifikiria njia. Kwenda huko, kabla ya kupanda mashua, ni barabara moja, nayo yapita mbele ya duka langu. Bango langu lasomeka hata na aliye ndani ya gari la mbio.

Alipita.

Tangu hapo mlisho haujamleta. Saruji yaja, mpira waja. Simu yangu hukifuta kipindi kikishasikilizwa chote, kwa hiyo kile cha Mkwiro nilikikatiza zikiwa zimebaki dakika mbili. Humo ndimo anamowaaga watu. Kila nikizikaribia, narudi mwanzo.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilimtumia ujumbe wa sauti. Mimi niliyebishana na wahandisi mpaka wakanyamaza, nilipata maneno mawili tu: "Marahaba, mwanangu."

Mke wangu alikuwa kando yangu. "Bwana, waitikia asiyekuamkia?"

"Ameniamkia siku nyingi," nikamwambia. "Mimi ndiye ambaye sikumfikishia jibu."

Alama za ujumbe zimekuwa buluu, amesikia. Jibu bado. Nauvuta ukurasa wa mlisho chini kwa kidole, unazunguka kidogo, unatulia. Dakika zangu mbili zingalipo.