Waya wa daktari mdomoni mwangu na koleo la Mwalimu Zakaria (Ihanja, enzi za Mwingereza)

Wakuu, poleni na majukumu. Najua wengi humu ni wajukuu zangu, kwa hiyo marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Shule yangu iliishia darasa la tatu, na leo nawasimulia iliishiaje. Sitaongeza chumvi. Ushahidi ninao mdomoni, ukinikuta stendi ya Singida nitaufungua uone.

Aliyenikumbusha ni mjukuu wangu Neema. Yuko form one hapa mjini, na mwaka huu kawekewa braces. Kila asubuhi namwona anapanga begi lake: kamswaki kadogo, chupa ya maji, na nta ya kupaka pale waya unapomchoma shavu.

"Babu, nikila mchana lazima nisukutue. Chakula kikibaki huku ndani ni balaa."

Nikamwambia najua.

"Unajulia wapi wewe, babu?"

Najua, wakuu. Mimi nilivaa waya wa meno wakati wa Mwingereza, kijijini, upande wa Ihanja.

Wangu haukuwa wa kunyoosha. Punda wetu alinipiga teke kisimani, meno mawili ya mbele ya chini yakabaki yananing'inia kama mlango mbovu.

Bibi mzaa baba akasema yaachwe yadondoke. Yeye mwenyewe hayo mawili hakuwa nayo. Aling'olewa akiwa binti, kwa desturi ya wakati ule, ili mtu akishikwa na ugonjwa wa kufunga taya pawepo pa kupitishia uji. Kwake yeye punda alikuwa amemrahisishia fundi kazi.

Baba akakataa. Sababu yake ilikuwa moja: shule.

Hapa mnielewe vizuri. Shule yetu ilikuwa ya misheni, na wamisheni walikuwa wanapiga vita kung'oa meno. Mtoto akirudi kutoka likizo ana pengo la chini, anafukuzwa siku hiyo hiyo. Hawaulizi. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza ukoo mzima kushika kibao cha kuandikia, na baba alikuwa akinisikia nasoma, anaacha anachofanya anasimama tu.

Basi akanipandisha juu ya punda yule yule aliyenipiga, tukaenda mpaka hospitali ya misheni. Mbali kweli. Daktari Mzungu akayafunga yale meno mawili kwenye wenzao kwa waya mwembamba, akauzungusha na kuukaza. Akaniambia kwa Kiswahili chake: usiume kitu na meno ya mbele, usukutue maji ya chumvi kila ukila, usiuguse waya. Ukirudi baada ya mavuno nitautoa, meno yatakuwa yameshika.

Wakuu, maisha yangu yote sijawahi kutunza kitu kama nilivyoutunza ule waya.

Bibi, pamoja na kupinga kwake, ndiye aliyenitengenezea vifaa. Kibuyu kidogo cha maji, ndani kaweka chumvi ya magadi ya ziwani, ile ya kijivu. Kijiti cha mswaki alikitafuna mwenyewe kwa magego mpaka kikawa laini kama pamba. Na mwiba wa mgunga aliusugua ncha kwenye jiwe usinichome ufizi. Vyote navining'iniza kiunoni chini ya shati.

Nikifumba macho nauona ule mwendo wa asubuhi. Umande wa kwenye uwele unakulowesha mpaka mapajani. Unasikia kengele kwa mbali, kipande cha reli ya tawi la kutoka Manyoni kuja Singida, lile walilolijenga Waingereza kisha wakaling'oa wenyewe. Ukiisikia ukiwa bado hujavuka korongo, unakimbia. Mimi nakimbia nimeshika taya kwa mkono.

Mapumziko wenzangu wanatoa mahindi ya kuchoma, wanayang'ata kwenye gunzi. Mimi napukuchua moja moja kwa kidole, natupia kwenye magego. Mtoto mmoja siku nyingine alikuwa analeta sega la asali. Wenzangu wanatafuna nta na kila kitu, mimi nalamba tu. Asali ile ilikuwa tamu, jamani. Hii ya chupa mnayouziwa barabarani siku hizi sijui nyuki wake wanakula nini.

Kisha naenda nyuma ya choo kusukutua. Nasukutua, napitisha mwiba, napiga mswaki taratibu, nagusa jino kwa ulimi. Likitulia, moyo unatulia.

Na yalianza kushika. Naapa. Ilifika wakati nasukuma kwa ulimi, hayachezi.

Sasa majina. Wenyewe wameshatangulia, lakini nayaweka ili wajukuu zao wasome.

Wa kwanza ni Petro, kiranja wetu. Jitu lenye ndevu lililo darasa moja na sisi watoto. Alikuwa ananifuata nyuma ya choo.

"Wewe mke wa punda, unakunywa nini huko?"

"Nasukutua, kiranja."

"Bwana yako kakuvisha pete, eh? Mahari amelipa?"

Darasa zima wakaniita mke wa punda. Hilo nililivumilia. Mimi nilikuwa nahesabu siku za kufika mavuno tu.

Wa pili ni Mwalimu Zakaria. Huyu alikuwa na koleo, limetundikwa kwenye msumari pembeni ya ubao. Kazi yake ilikuwa kukata mapambo. Watoto wengi walikuja na bangili za waya mikononi na miguuni, walivishwa na bibi zao. Misheni ilisema ni ushenzi. Mwalimu Zakaria alikuwa anakata huku anatabasamu.

Ikatangazwa kwamba Mzungu msimamizi wa shule anakuja kesho yake kukagua. Tukafyeka, tukafagia, tukapanga mawe ya njia. Kisha tukapangwa mstari, mwalimu anapita na koleo lake. Aliponifikia akanitazama mikono, akanitazama miguu, akapita.

Petro akasema, "Mwalimu, huyo wa kwake uko mdomoni."

Mwalimu akarudi. "Fungua."

Nikafungua.

"Hata mdomoni? Nyie watu mtavaa waya mpaka kwenye maini."

"Ni wa daktari, mwalimu. Daktari wa misheni."

"Daktari gani anavisha watu bangili za meno? Petro, mshike kichwa."

Petro akanishika. Koleo lilikuwa na ladha ya kutu, mpaka leo nikishika chuma chenye kutu naipata ile ladha. Akakata upande mmoja. Upande wa pili haukukatika, akavuta.

Waya ukatoka na meno yake mawili.

Mwalimu aliyaona, kwa sababu alifungua koleo na yakadondoka miguuni pake. Aliniangalia kidogo, akasema, "Kasukutue." Ni neno hilo tu.

Kesho yake Mzungu akaja. Akakagua kucha, akakagua vichwa, akakagua vinywa. Kwangu akasimama. Pengo bado linavuja damu.

"Nani amekung'oa?"

Nilimtazama Mwalimu Zakaria. Pale kwenye msumari koleo halikuwepo, alikuwa amelificha. Nikasema, "Ni mwalimu, Bwana. Alikata waya wa daktari."

Mzungu akamgeukia. Mwalimu akainamisha kichwa kama mtu mwenye huzuni.

"Bwana, bibi yake bado yuko na mambo ya zamani. Nimewaonya sana wale watu."

Mzungu akamuuliza Petro, maana ndiye kiranja. Petro akasema, "Ni kweli, Bwana. Hata kibuyu cha dawa anacho kiunoni."

Wakanifunua shati. Kibuyu kile hapo. Mwiba ule hapo.

Nikaondoka shule kabla ya saa ya uji.

Baba alikwenda kuongea, wakamfungia mlango. Akaenda hospitali, daktari amesafiri kwao. Akarudi, akakitundika kile kibao changu ukutani na hakukigusa tena. Sikumsikia akilia. Ila niliposoma kwa mazoea maandishi ya kwenye gunia, alitoka nje.

Bibi ndiye aliyenishika kidevu, akanitazama pengo, akatazama lake. Akasema, "Mimi ndiye mshenzi. Mimi waliponing'oa walinichinjia mbuzi, wanawake wakaimba. Wewe hao waliosoma wamekuchinjia nini?"

Nimechunga, nimechimba visima, nimepakia mizigo kwenye treni Manyoni. Mwanangu ameshataka kuniwekea meno ya bandia, nimekataa. Pengo hili linafanana na la bibi, ni kitu pekee chake nilichobaki nacho.

Shule ilipofunguliwa nilimsindikiza Neema. Nikaomba kuonana na mwalimu wa darasa, binti mdogo tu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Huyu ana waya mdomoni, ni wa daktari. Akila anatakiwa kusukutua."

"Hakuna shida babu, nitampa ruhusa."

"Na hapa shuleni mna koleo?"

Akanishangaa. "Lipo la fundi, liko stoo. Ulikuwa unalihitaji?"

Nikamwambia hapana. Libaki huko huko.

Nilichojifunza, wakuu: mtoto akikwambia kitu ni cha daktari, mwamini kwanza, ukaulize baadaye. Meno hayana haraka ya kutoka.

Wenye watoto wenye braces mtuambie shuleni wanavitunzaje hivyo vitu. Na kama yupo humu mjukuu wa Petro au wa Mwalimu Zakaria, aandike hapo chini. Sitamtukana. Nataka tu aniambie kama babu yake aliwahi kulisimulia hili, na katika kusimulia kwake, alisema lile koleo alilishika nani.